Tanga la Mpangaji

Mbuzi ndiye aliyetangulia kuingia. Alisimama katikati ya ofisi, akamtazama Daktari Tekla Mloka kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga na tayari ameona kasoro mbili tatu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye maua ya dirishani. Nyuma yake, akivutwa na kamba, aliingia mama mtu mzima mwenye gauni la kanisani na kitambaa cheusi kichwani.

"Nisamehe, daktari. Nyumbani hana tabia hii."

Tekla alimwamkia, akamtoa wasiwasi kwa kumwambia kwamba maua yenyewe ni ya plastiki. Mbuzi alikuwa ameshaligundua hilo na kuyatema.

Mama huyo aliitwa Leokadia Banzi, mkazi wa ghorofa ya tisa katika Mnara wa Nne, na hakuwa na haja ya kueleza kilichomleta. Watu hawakupanda na mnyama hadi ofisini kwa Tekla isipokuwa kwa jambo moja, barua ya faraja. Tangu homa ya mbuga ilipofagia vijiji vya bondeni na waliosalia wakahamishiwa kwenye minara ya Mkata Mpya, mifugo ilibaki nje ya uzio ikichungwa na mashine, na hakuna mnyama aliyelala chini ya paa moja na binadamu bila sababu iliyokubaliwa. Sababu zenyewe zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni kazi. Ya pili ni mtaalamu wa nafsi aandike na kutia saini kwamba mnyama huyu akiondolewa, mtu huyu ataugua.

Mbuzi wa Mama Leokadia alikuwa na sababu ya kwanza mpaka alipoipoteza. Domitila, binti wa pekee wa mama huyo, alikuwa fundi wa pampu za maji, na mafundi wa pampu waliruhusiwa kufuga mbuzi mmoja mmoja, kwa kuwa mbuzi hukataa maji yenye kasoro hata kabla vipimo havijashtuka. Alimleta akiwa kitoto asiye na mama, akamnywesha maziwa kwa chupa, akaapa kwamba ni wa wiki moja tu. Wiki ikapita, miezi ikapita, naye akampa jina la Mpangaji. Kisha siku moja bomba la shinikizo likapasuka katika chumba cha pampu, Domitila akiwa ndani. Kibali cha mbuzi kilikufa siku hiyohiyo na mwenyewe, ila ofisi ya makazi ilichelewa kugundua. Sasa ilikuwa imegundua, na Ijumaa wangekuja kumchukua.

"Pole sana, mama," Tekla alisema.

"Nimeshapoa," alijibu Mama Leokadia, kama wanavyojibu watu wote, akanyoosha mkono ufungwe mkanda kabla hajaombwa.

Mizani ya mioyo ilikuwa mikanda miwili na kioo. Mkanda mmoja ulifungwa mkononi mwa mtu, mwingine shingoni mwa mnyama, kila mmoja ukisikiliza moyo, jasho na pumzi na kuchora mstari wake kiooni, mweupe wa mtu, wa njano wa mnyama. Aliyefadhaika mstari wake ulipanda. Kilichotafutwa kilikuwa kitu rahisi: mnyama akiwa karibu, mstari mweupe ushuke, na ushuke kwa sababu ya mnyama, si kwa bahati. Mizani ilijua kutofautisha. Ilibuniwa baada ya miaka ambayo barua zilipatikana kwa kujuana, hata minara ikajaa majogoo wa faraja wakiwika kila varanda.

Tekla aliwaacha wakae kimya. Akamwomba mama ampapase mbuzi. Akamwomba azungumze kuhusu marehemu, na mstari mweupe ukaparamia juu mara moja, huku Mpangaji akitafuna upindo wa pazia kwa utulivu mkubwa. Mistari ilikwenda kila mmoja na njia yake, kama wapita njia wasiojuana. Hapakuwa na faraja yoyote pale, na Tekla hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno, kwa hiyo alimweleza mama hivyohivyo.

Mama Leokadia hakulia wala hakubembeleza. Alisema kwamba hapa ofisini mbuzi hawezi, si mahali pake na si saa yake. Daktari aje nyumbani kesho jioni, saa kumi na moja, ajionee mwenyewe. Saa hiyo ndiyo yeye, mama, anayotulia, na ni saa hiyo peke yake kutwa nzima. Kanuni ziliruhusu kipimo cha nyumbani, ingawa wataalamu wachache walijisumbua nacho. Kesho ilikuwa Jumatano. Tekla akafikiria Ijumaa, akakubali.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi mno, kama ya mtu asiye na kitu kingine cha kufanya. Ukutani palikuwa na picha ya Domitila akicheka, kofia ya kazi imemkaa upande, na rozari imening'inizwa juu yake. Nyuma ya mlango ulisimama mkeka uliokunjwa. Mama Leokadia alimmiminia mgeni chai ya tangawizi, wakafungwa mikanda yeye na mbuzi, wakasubiri.

Katika kusubiri akasimulia matanga yalivyokuwa. Ndugu walishuka kutoka Mgeta wakajaza ghorofa nzima, wakalala hadi kwenye korido, na hakuna ofisa aliyewauliza kitu. Wazee walipokubali kuhamia minarani walikubali mambo mengi, hata kuacha ng'ombe wao, lakini moja walilikatalia katakata mpaka likaandikwa kwenye kanuni: mgeni wa msiba haombi kibali. Anaingia, anakaa na wafiwa mpaka arobaini, na hakuna wa kumgusa. Kisha tanga likaanuliwa kama inavyopasa. Mkeka ukakunjwa, nyumba ikafagiwa, mashangazi wakagawana nguo za marehemu, kila mtu akaaga akaenda zake.

Tangu hapo hakuna jirani aliyelitaja jina la Domitila. Hawakuwa na ubaya, Mama Leokadia alisisitiza. Ndivyo watu wa minarani walivyozoea. Tanga likishaanuliwa, anayeendelea kulia hadharani anaonekana anang'ang'ania, na watu humwonea haya, hubadilisha mazungumzo akikaribia. Yeye mwenyewe aliwafanyia hivyo wengine zamani.

"Niliwaaga wote pale mlangoni," alisema. "Nikabaki nimekaa. Nikamwona huyu bado anatazama lifti. Nikasema, basi si peke yangu."

Ilipokaribia saa kumi na moja, saa ambayo Domitila alikuwa akirudi kutoka kazini, mama aliinuka, akasema anahisi baridi, akafungua kabati kuchukua khanga. Alijitanda, akarudi kukaa, akaacha mlango wa kabati wazi kidogo. Tekla alisikia harufu ya grisi na ya ile sabuni kali ya mafundi, akadhani inatoka nje. Mpangaji aliacha kutafuna. Masikio yakasimama.

Kisha lifti ikaanza kunguruma chini kabisa. Mbuzi akakimbilia mlangoni, akalia. Haikuwa sauti ya mbuzi mwenye njaa. Ilikuwa ndefu, ikipanda na kukatika, na kadiri lifti ilivyokaribia alipiga kwato sakafuni na kulia tena. Mstari wa njano ulipaa mpaka ukagusa ukingo wa kioo. Milango ya lifti ikafunguka, miguu ya jirani ikapita koridoni bila kusimama, na Mpangaji akalia mara ya mwisho, akalala kizingitini ubavu ukimpanda na kushuka.

Tekla alikitazama kioo, kisha akamtazama mama. Mstari mweupe ulikuwa umeshuka kuliko alivyowahi kuuona kwa mtu aliye macho. Mama Leokadia alikuwa ameegemea kiti, mabega yamelegea, uso umekunjuka. Alikuwa amepumzika.

"Umeona?" aliuliza polepole. "Umeona ninavyotulia?"

Tekla alikuwa ameona. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mistari ya namna ile. Mizani ilithibitisha kwamba mama anatulizwa na mbuzi, bila shaka yoyote. Ila ilithibitisha pia kwamba kinachomtuliza ni uchungu wa mbuzi.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, naye hakuwa mtu mgumu wa moyo. Lakini alikigeuza kioo, akakielekeza kwa mama, akarudisha mistari nyuma mpaka pale ilipoanza kupanda.

"Mama, mbuzi alianza kabla ya lifti."

Mama Leokadia alitazama. Kidole cha Tekla kilikuwa mahali pale alipoinuka kuchukua khanga. Mbuzi pale kizingitini alikuwa bado hajapata pumzi. Hatimaye mama aliinuka, akafungua kabati mpaka mwisho. Ndani, nyuma ya khanga, ilining'inia ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi, haijafuliwa tangu ilipovuliwa mara ya mwisho.

Siku ya kugawa nguo aliikalia, alisema. Mashangazi walihesabu, wakauliza, akawaambia ilibaki kazini. Hakuwahi kumdanganya shangazi maishani mwake. Alitaka tu kitu kimoja kisichofuliwa. Siku ya kwanza alipofungua kabati, mbuzi alilia, na yeye akapata usingizi usiku ule. Siku ya pili vilevile. Baada ya hapo hakujiuliza tena kwa nini huhisi baridi saa ileile kila jioni, hata siku za joto.

"Kwa hiyo kila siku mimi ndiye ninayemwambia kwamba Domitila anakuja," alisema.

Tekla alimweleza kilichobaki, kwa sababu ilikuwa kazi yake kukieleza. Barua iliwezekana. Kanuni zilisema, mnyama anayetuliza huku yeye mwenyewe akiteseka atawekwa kitulizo. Ni punje ndogo, haizidi ya mtama, inayopachikwa nyuma ya sikio. Hofu au uchungu ukianza tu mwilini, punje inauzima kabla haujafika popote. Haiumi. Wanyama wenye punje hula vizuri na kuishi maisha marefu. Tekla alikuwa ameagiza punje nyingi, na kwa wanyama wengi aliona ni huruma. Hakumwambia mama juu ya mbwa jike mmoja mwenye punje wa Mnara wa Pili, aliyetazama mtoto wake akibebwa na watu asiowajua, akajikuna, akalala.

"Akiwekewa hiyo," Mama Leokadia aliuliza, "atajua kwamba Domitila amefariki?"

"Hapana, mama. Atakuwa tu hajali kama anarudi au harudi."

Mama alirudi kwenye kiti chake, akamtazama mbuzi kwa muda.

"Watu wote wameshafika huko," alisema. "Sasa na yeye."

*

Alhamisi asubuhi Tekla alijaza barua yote, akabakiza saini. Ilikuwa barua nzuri kiofisi: mnyama anatuliza, kipimo kimethibitisha, kitulizo kinapendekezwa. Akitia saini, Mpangaji angebaki ghorofa ya tisa, ameshiba, hana dukuduku, na kila saa kumi na moja angesikia lifti na kuendelea kutafuna. Mama angebaki na mbuzi na kukosa mwenzake. Asipotia saini, kesho wangempeleka mbuzi nje ya uzio, katikati ya maelfu ya wanyama wasiojua maziwa ya chupa, chini ya mashine zisizojua jina lake, na mama angekosa vyote viwili. Na angeweza kudanganya. Angeandika kwamba mbuzi hateseki, ovaroli ikabaki kabatini, na kila jioni kiumbe kimoja kikaungua ili kingine kipate usingizi.

Kilichomsumbua ni kwamba hakuona mbaya katika habari yote hii. Sheria ilitaka wanyama wasiumie. Mama alitaka asiachwe peke yake na jina la mwanawe. Mbuzi alitaka mtu aliyemnywesha maziwa. Hata punje ilikuwa na nia njema. Tekla akakaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akaiweka barua mkobani bila saini, akaenda Mnara wa Nne. Kanuni ziliruhusu kipimo cha pili cha nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Jambo la kwanza aliloliona ni ovaroli, imeanikwa kwenye kamba ya varanda, imefuliwa kwa nguvu hadi madoa yamefifia, ikidondosha maji. Jambo la pili ni mkeka. Ulikuwa umekunjuliwa katikati ya sebule, na Mama Leokadia ameukalia, miguu ameinyoosha, mikono ingali na mikunjo ya maji ya sabuni. Hakuinuka kumkaribisha mgeni. Alinyoosha tu mkono ufungwe mkanda.

Saa kumi na moja lifti ikanguruma. Mpangaji aliinua kichwa. Alikwenda kwenye kabati, akanusa ndani, akanusa tena chini. Akaenda mlangoni, akasimama pale akisikiliza, na safari hii hakulia. Akatoka varandani. Akaisogelea ovaroli, akaigusa kwa pua, maji yakamdondokea usoni, akarudi nyuma akipiga chafya. Alizunguka chumba chote, taratibu, kona hadi kona, kama mtu anayehakikisha. Mstari wa njano haukupaa kama jana, lakini haukutulia pia. Ulikwenda kwa mikwaruzo, chini kwa chini.

Mstari mweupe ulipanda. Ulipanda mpaka ukagota, ukabaki hukohuko, kwa sababu Mama Leokadia alikuwa analia. Hakuwa amelia hivi siku ya mazishi, alisema baadaye, wala siku yoyote ya matanga, alipokuwa akiangalia kama chai inatosha. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, akimwita mwanawe kwa jina, na koridoni mtu aliyekuwa anapita alisimama, akasikiliza, kisha akaondoka haraka.

Mbuzi alipomaliza kuzunguka alikuja mkekani. Hakumwegemea mama wala kumlamba mikono. Alijilaza pembeni, amempa mgongo, macho yakielekea mlangoni. Wakakaa hivyo, kila mmoja na lake. Tekla aliusubiri mstari mweupe ushuke, zaidi ya muda uliotakiwa, na haukushuka. Mwishowe mizani ikaandika hukumu yake kiooni kwa herufi za kijani: hakuna faraja.

"Imesemaje?" mama aliuliza, akijifuta uso kwa khanga.

Tekla alimsomea. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua tangu asubuhi, wakati alipokuwa anasugua madoa.

"Basi andika hivyo, daktari. Usijitie matatani kwa ajili yangu. Ila nilitaka naye aambiwe, kabla hawajamchukua. Wengine wote waliambiwa."

Tekla akatoa barua mkobani. Akaichana katikati, akachukua karatasi nyingine, akaiegemeza juu ya goti. Aliandika kwamba yeye, mtaalamu wa nafsi mwenye leseni, amempima mbuzi aitwaye Mpangaji mara tatu, na kipimo cha mwisho hakikuona kwamba anamfariji mtu yeyote. Aliandika kwamba ameona wafiwa wawili wa marehemu Domitila Banzi, na kwamba mmoja wao hakuwa amepewa habari ya msiba hadi leo jioni. Kwa mujibu wa kanuni ya minara kuhusu wageni wa msiba, aliandika, mfiwa huyo ana haki ya kukaa mpaka arobaini yake, bila kibali, bila kitulizo, bila kuguswa. Akatia saini.

Mama Leokadia aliisoma polepole, akaisoma tena.

"Watakubali kweli?"

"Sijui. Huenda wakacheka. Huenda wakanifutia leseni." Tekla akakunja karatasi. "Lakini kanuni imeandikwa haguswi mgeni wa msiba. Haikusema lazima awe na miguu miwili."

"Na arobaini ikiisha?"

"Hiyo nayo sijui, mama."

Kwa mara ya kwanza mama aliachia tabasamu dogo, lililochoka. Nje mwanga wa jioni ulikuwa umegusa migongo ya milima ya Uluguru na ovaroli ilikuwa bado inadondosha. Kesho maofisa wangepanda na kamba yao, na mmoja wa wale waliomo ndani ya chumba hiki angelazimika kusimama mlangoni kuwazuia, ameshika karatasi ambayo haikuwahi kuandikwa kabla yake. Tekla alijua ni nani. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa.

Akavua viatu, akavipanga nje ya mlango, mahali ambapo kila apitaye ataviona na kujua nyumba hii ina msiba. Akaingia tena kama anavyoingia mtu anayefika matangani, akakaa mkekani, katikati yao.

"Poleni," alisema. "Mimi sikubahatika kumjua Domitila. Nielezeni alikuwa mtu wa namna gani."

Jina lilipotajwa, masikio ya mbuzi yakasogea. Mama Leokadia akavuta pumzi, akaanzia siku aliyozaliwa.